Mgeni yupi? Torati inavyomtofautisha mkaazi, mpita njia na asiye kuhani

Swali: Katika jumuiya yetu tulisoma Walawi 19:34, pale panaposema mgeni apendwe kama nafsi yako. Kijana mmoja akafungua Kumbukumbu la Torati 23:20, akatusomea kwamba mgeni anaweza kutozwa riba. Mwingine akaongeza Walawi 25:44, habari ya kununua watumwa kutoka mataifa jirani. Nikakosa la kujibu. Torati inampenda mgeni au haimpendi?

Jibu: Mama, vijana wako wamesoma sawasawa, na mistari yote mitatu imo. Usiwakemee. Shida yenyewe imeanzia kwenye neno. “Mgeni” wa Walawi 19:34 na “mgeni” wa Kumbukumbu 23:20 si neno moja katika Kiebrania, wala si mtu mmoja. Ukiwatenganisha hao, swali la riba linafunguka karibu lote. Swali la watumwa halifunguki lote, na nitakuambia wazi linapokwama.

Kiswahili tuna mgeni mmoja tu, yule anayebisha hodi. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiebrania cha Torati kina maneno manne. Wa kwanza ni geri, mtu aliyehama kwao kwa njaa, vita au deni, akaja kukaa katikati ya Waisraeli kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote. Huyu siku ya tatu ilikwisha kumpita zamani: jembe analo mkononi, shamba ndilo hana. Wa pili ni toshavi, mkaazi ambaye mara nyingi hutajwa sambamba na geri au na kibarua. Wa tatu ni nokri, mtu wa taifa lingine ambaye kwao kupo na atarudi: mfanyabiashara, mjumbe, mpita njia. Wa nne ni zari, yaani mtu wa nje ya kundi linalozungumzwa, kundi lolote liwalo.

Kuna mstari mmoja unaobeba maneno mawili kati ya hayo kwa pamoja, nao ni mzuri kufundishia. Katika Kutoka 2:22 Musa anamwita mwanawe Gershomu kwa kuwa amekuwa “mgeni katika nchi ya ugeni”. “Mgeni” wa kwanza ni geri, na ndiye anayesikika ndani ya jina Gershomu. “Ugeni” wa pili unatoka kwenye shina la nokri: nchi isiyo yake. Kiswahili kimeyafunika yote mawili kwa shina moja, na kijana wako angeona wapi tofauti?

Zari ndiye anayewakosesha watu zaidi, hata wahubiri. Hesabu 1:51 inasema mgeni atakayeikaribia maskani atauawa. Ukisoma haraka utadhani Mmoabi au Mmisri amekatazwa kusogelea mahali pa Mungu. Hapo neno ni zari, na maana yake ni mtu yeyote asiye Mlawi (wa kabila la Lawi, lililotumikia maskani), hata awe Mwisraeli wa kabila la Yuda aliyezaliwa Bethlehemu. Vivyo hivyo Walawi 22:10: “mgeni” asiyeruhusiwa kula kitu kitakatifu ni yeyote asiye wa nyumba ya kuhani. Mstari unaofuata unaruhusu mtumwa aliyenunuliwa na kuhani, ambaye huenda ni wa taifa lingine, kula chakula kile kile ambacho Mwisraeli wa kawaida amenyimwa. Mpaka pale ni wa nyumba, wala si wa kabila.

Bila Kiebrania utawatambuaje? Mwangalie anayetajwa naye. Akitajwa pamoja na yatima na mjane, au akisemwa yumo “ndani ya malango yako”, au akiwekwa mkabala na “mzalia”, huyo ni geri. Akiwekwa mkabala na “ndugu yako” katika habari za mikopo, madeni au ufalme, karibu kila mara ni nokri. Akiwekwa mkabala na makuhani au Walawi, ni zari. Kanuni hii hupinda mahali pachache, kama Kumbukumbu 24:14, ambapo kibarua “ndugu” na kibarua “mgeni” wanatajwa pamoja. Lakini palepale maneno “ndani ya malango yako” yanakurudisha kwa geri.

Sasa kwa nini geri alihitaji sheria nyingi hivyo? Sababu ni ardhi. Nchi iligawanywa kwa makabila, koo na nyumba za baba, na shamba lililouzwa lilirudi kwa ukoo wake mwaka wa yubile, mwaka wa 50. Mfumo huo ulimlinda mzalia asifukarike moja kwa moja, na mfumo huohuo ulimfungia geri mlango. Angeweza kulima, kuchunga, kuchonga mawe, hata kutajirika, lakini hakuwa na fungu. Hakuwa pia na ukoo wa kumtolea ushahidi langoni, mahali wazee walipokaa kuhukumu, wala ndugu wa kumkomboa akianguka. Ndiyo maana anawekwa kundi moja na yatima, mjane na Mlawi. Hao wote wanne wamepungukiwa na kitu kilekile: mwanamume wa ukoo mwenye shamba nyuma yao.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya sheria za geri inahusu chakula, na ni sheria za kazi hasa. Walawi 19:9-10 na 23:22 zinamtaka mwenye shamba asivune pembe za shamba wala asirudie masazo yaliyoanguka. Kumbukumbu 24:19-21 inaongeza mganda uliosahaulika shambani, mzeituni uliokwisha kutikiswa mara moja, na mizabibu iliyokwisha kuchumwa mara moja: usirudie. Torati haitaji kipimo cha pembe. Baadaye walimu wa Kiyahudi, katika sehemu ya Mishna (mkusanyo wa mafundisho yao ya sheria) iitwayo Pea, waliweka kiwango cha chini cha 1 kwa 60: mwenye ekari 60 asiache chini ya ekari 1, na aongeze kwa kadiri ya ukubwa wa shamba, wingi wa maskini na mavuno yenyewe. Juu ya hayo kuna zaka ya kila mwaka wa tatu (Kum. 14:28-29), iliyowekwa akiba ndani ya mji kwa ajili ya Mlawi, geri, yatima na mjane, wale washibe palepale mjini.

Angalia hili sana: masazo hayagawiwi mtu mkononi. Anayeyataka anainama kuyaokota mwenyewe. Ruthu, mjane mgeni, aliokota kutwa katika shamba la Boazi, akapura, akapata kama efa moja ya shayiri (Rut. 2:17). Efa hukadiriwa kuwa karibu lita 22, debe moja na kidogo juu yake. Ni mavuno makubwa kwa siku moja, na yalikuwa makubwa kwa sababu Boazi aliwaagiza vijana wake wamwachie masuke makusudi.

Hapohapo ndipo sheria inapoonyesha udhaifu wake. Boazi alilazimika pia kuwaagiza vijana wasimguse, na Naomi, mama mkwe wa Ruthu, alimtahadharisha asiende shamba la mtu mwingine, asije akadhuriwa huko. Haki ya kuokota ilikuwepo, lakini mwanamke mgeni peke yake shambani hakuwa salama mpaka mwenye shamba aseme neno. Torati haikuweka faini kwa mwenye shamba aliyevuna mpaka pembeni, wala askari wa kumkagua. Adhabu inayotajwa ni laana ya Kumbukumbu 27:19 kwa anayepotosha hukumu ya mgeni, yatima na mjane, na hasira ya Mungu mwenyewe. Penye mwenye mali mwenye hofu ya Mungu, sheria ilifanya kazi. Penye asiye nayo, geri alilala njaa.

Turudi kwenye Walawi 19:34, mstari ulioanza nao. Watu huusoma kama wito wa moyo, na wanaishia hapo. Someni mistari jirani. Wa 33 unasema mgeni akikaa nanyi katika nchi yenu msimdhulumu. Wa 34 unasema mpende kama nafsi yako. Wa 35 na wa 36 inahusu mizani za haki, mawe ya kupimia ya haki, efa ya haki na hini (kipimo cha vimiminika) ya haki. Upendo wenyewe umewekwa kati ya katazo la dhuluma na agizo la vipimo. Neno la “dhulumu” katika mstari wa 33 ndilo linalotumika Walawi 25:14 kuhusu kupunjana katika kuuza na kununua ardhi. Mtu mpya mjini hajui bei, hajui ukubwa halisi wa kipimo cha soko lile, na hana shahidi wa kumwita. Hapo ndipo kumpenda kunapopimwa kwa jiwe la mizani.

Kutoka 22:21 inatumia neno hilo hilo na kuongeza la pili, “kukandamiza”, ambalo Kutoka 3:9 inalitumia kwa yale Wamisri waliyowatenda Waisraeli. Sheria inamwambia Mwisraeli: usimfanyie geri kile kilekile ulichokililia. Walimu wa Kiyahudi baadaye waliingiza humo hata maneno ya kinywa: mtoto wa geri asiambiwe “kumbuka matendo ya baba zako”.

Mshahara nao umewekwa saa. Kibarua maskini, awe ndugu au geri, alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na ameuelekeza moyo wake kwenye ujira huo (Kum. 24:14-15). Sabato inamhusu pia: geri aliye ndani ya malango yako asifanye kazi, na Kutoka 23:12 inataja sababu yake, apate kuburudika. Miji 6 ya makimbilio, 3 kila upande wa Yordani, ilikuwa wazi kwa geri na toshavi aliyeua bila kukusudia sawa na kwa mzalia (Hes. 35:15). Na kila mwaka wa saba, kwenye sikukuu ya vibanda, geri alikusanywa pamoja na wanaume, wanawake na watoto asikie torati ikisomwa (Kum. 31:12). Mtu aliyesomewa sheria hadharani hawezi kuambiwa kirahisi kwamba haimhusu.

Je, kauli ya “sheria moja kwa mgeni na kwa mzalia” ina maana walilingana kwa kila jambo? Hapana, na hapa wapo wanaopitiliza. Tazama kauli hiyo inapotokea. Walawi 24:22 ni hukumu za kumkufuru Mungu, kuua na kujeruhi. Hesabu 15:15-16 na 15:29 ni utaratibu wa sadaka na makosa ya bila kukusudia. Kutoka 12:49 ni Pasaka, nayo ina masharti: nokri asile, toshavi na mwajiriwa wasile, geri ale baada ya wanaume wote wa nyumba yake kutahiriwa. Hakulazimishwa kutahiriwa. Akitaka kula, mlango ulikuwa huo. Alilazimika kuacha chachu siku zile saba, kuacha kazi Siku ya Upatanisho, kutokula damu, kutomtolea Moleki, mungu wa kipagani, watoto na kujiepusha na zinaa zilizotajwa Walawi 18. Hakulazimika kukaa vibandani, kwani Walawi 23:42 inamtaja mzalia peke yake. Kwa jumla, makatazo ya mambo yanayotia nchi unajisi yalimhusu kila mkaazi, na ibada za kumbukumbu za ukoo zilikuwa za hiari yake. Wafasiri wengi huiona orodha ya Walawi 17 na 18 nyuma ya yale mambo manne waliyoandikiwa Wakristo wa mataifa katika Matendo 15.

Kuna mahali sheria mbili hazikubaliani, na ni heri uwaonyeshe vijana kabla hawajapaona wenyewe. Kumbukumbu 14:21 inamkataza Mwisraeli kula nyamafu, lakini inamruhusu kumpa geri aile au kumuuzia nokri. Walawi 17:15 inasema atakayekula nyamafu, mzalia au geri, afue nguo, aoge, na atakuwa najisi hata jioni. Ya kwanza inamweka geri nje ya utakatifu wa Israeli; ya pili inamwingiza ndani. Wataalamu wengi wanaona humo mafungu mawili ya sheria yaliyotoka mazingira tofauti. Hata ukilisoma vingine, shika kitu kimoja katika mstari ule wa Kumbukumbu: geri anapewa, nokri anauziwa. Sheria inajua kwamba mmoja hana fedha na mwingine anayo.

Hiyo ndiyo njia ya kuingilia suala la riba. Mikopo ambayo Torati inaikataza riba ni mikopo ya njaa: mbegu, chakula, vazi la rehani. Kumtoza riba mtu wa namna hiyo ni kumuuzia uhai wake. Nokri wa Kumbukumbu 23:20 anakopa fedha za biashara, na yeye akimkopesha Mwisraeli halazimiki kusamehe deni mwaka wa saba. Ndiyo maana Kumbukumbu 15:3 inaruhusu pia kumdai yeye hata mwaka huo. Na geri je? Walawi 25:35-37 inahusu ndugu aliyefukarika, ikisema asitozwe riba na aishi nawe, na katikati yake yapo maneno “mgeni na mkaazi”. Wengine husoma “umtegemeze kama unavyomtegemeza mgeni”, wengine “hata akiwa mgeni”. Kwa usomaji wowote kati ya hiyo miwili, kumtegemeza geri kunachukuliwa kuwa jambo lililokwisha kujulikana. Kwa hiyo kijana anayetaka kuutumia mstari wa riba dhidi ya mpangaji au kibarua aliyehamia mtaani kwake ameshika mstari wa mtu mwingine.

Sasa watumwa. Walawi 25:44-46 inaruhusu Mwisraeli kununua watumwa kutoka mataifa yanayomzunguka, na pia kutoka kwa wana wa wakaazi wa kigeni waliomo nchini, na kuwarithisha watoto wake daima, wakati Mwisraeli aliyejiuza hutoka mwaka wa yubile. Sitaulainisha mstari huo. Hauhusu nokri pekee. Unamgusa hata mtu anayekaa ndani ya nchi, na sababu inayotolewa kumlinda Mwisraeli, kwamba ni mtumishi wa Mungu aliyetolewa Misri, haikupanuliwa kumfikia mwingine. Hapo “mpende kama nafsi yako” na “mrithishe watoto wako” zimo katika kitabu kimoja, kurasa chache kati yake.

Zipo sheria zilizoupunguza makali, nazo ni za kweli. Mtumwa aliyevunjwa jino au kutiwa upofu jicho moja na bwana wake alitoka huru (Kut. 21:26-27). Alipumzika sabato. Na Kumbukumbu 23:15-16 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Akae popote apendapo, asionewe. Wafasiri wengi wanamwona huyo kuwa mtumwa aliyekimbia kutoka nchi nyingine. Ukitaka kuona uzito wake, ilinganishe na sheria za Hammurabi wa Babeli, za miaka 1750 hivi kabla ya Kristo: kifungu cha 16 kinamwua anayemficha mtumwa mtoro nyumbani kwake.

Sura hiyohiyo ya 25, kuanzia mstari wa 47, inageuza picha: geri ametajirika, Mwisraeli amefilisika na kujiuza kwake. Sheria haimnyang'anyi geri mali. Inasema ndugu wanaweza kumkomboa kwa hesabu ya haki. Kwa mfano, kama alinunuliwa kwa shekeli 40 ikiwa imebaki miaka 20 kufika yubile, kila mwaka ni shekeli 2. Wakija kumkomboa ikiwa imebaki miaka 5, wanamlipa geri shekeli 10. Hawawezi kumtupia 3 kwa kuwa ni mtu wa kuja.

Kuhusu vita na yale mataifa saba ya Kanaani, na katazo la Mwamoni na Mmoabi kuingia mkutanoni (Kum. 23:3), hizo ni sheria za mataifa yaliyotajwa kwa majina na sababu zake, si za kila mgeni. Sura hiyohiyo inaagiza Mwedomi na Mmisri wasichukiwe, na wajukuu wao waingie mkutanoni. Fundisha hayo siku yake, maana yanahitaji jioni nzima.

Vijana watakuuliza kama haya yalitendwa. Jibu lililo wazi liko 2 Nyakati 2:17-18: Sulemani aliwahesabu wageni wote wanaume nchini, akapata 153,600, akaweka 70,000 wachukuzi, 80,000 wachongaji wa mawe milimani na 3,600 wasimamizi wa kuwafanyisha kazi. Neno ni geri. Hekalu lenyewe lilipandishwa kwa mabega ya watu ambao Torati ilisema wasikandamizwe kama Misri. Baadaye Yeremia (7:6, 22:3), Ezekieli (22:7, 29), Zekaria (7:10) na Malaki (3:5) wanalirudia jambo hilohilo, na nabii hapigi kelele juu ya sheria inayotimizwa.

Nakushauri kipindi kijacho ufungue Ruthu 2:10. Ruthu anamwuliza Boazi kwa nini amwangalie yeye aliye mgeni, na neno analojiita ni la nokri, mwanamke wa nje kabisa, tena Mmoabi. Boazi anampa haki ya geri: masuke, maji, chakula cha mchana na ulinzi. Waulize vijana ni sheria ipi ilimlazimisha, na uwaache watafute. Kisha wasome Ezekieli 47:22-23, kwenye mgawanyo mpya wa nchi. Kile kitu kimoja ambacho Torati haikuwahi kumpa geri kinaagizwa pale: mgeni aliyekaa na kuzaa watoto kati yao apigiwe kura pamoja na wana wa Israeli, na apewe urithi wa ardhi ndani ya kabila lile anamokaa.